Picha za ukumbusho: Tshibumba wa Lubumbashi na watu aliotaka wasisahaulike

Kama wazazi wako waliishi Lubumbashi, Likasi, Kipushi au Kolwezi katika miaka ya 1970, huenda ukutani sebuleni kwao palikuwa na picha iliyochorwa kwa rangi juu ya kitambaa cha gunia la unga. Labda ilikuwa picha ya Mamba Muntu, nusu mwanamke nusu samaki. Labda ilikuwa ya mfungwa aliyelazwa kifudifudi akichapwa kiboko huku Mbelgiji mwenye kofia ngumu akitazama. Watu wa miji ile waliziita picha hizo "ukumbusho".

Mmoja wa wachoraji hao alikuwa Tshibumba Kanda-Matulu. Alichora watu ambao vitabu vya shule viliwaacha pembeni: wafungwa, wagomaji wa mgodini, viongozi waliouawa usiku. Kisha yeye mwenyewe akatoweka, na hadi leo hatima yake haijulikani.

Makala hii inaeleza Tshibumba alikuwa nani, aliwachora akina nani, na kwa nini picha zake bado zinaeleweka wakati nyingi za wenzake zimebaki bila maelezo. Mwishoni tunaeleza jinsi familia inayoishi makazini, au jirani zao wenyeji, wanavyoweza kuwakumbuka watu wao kwa usalama.

Tshibumba alikuwa nani?

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 katika mji wa Élisabethville, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi. Wazazi wake walikuwa watu wa Kasai. Mji huo ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Kampuni ya Union Minière ilichukua wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi, Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, na sehemu nyingine. Watu hao hawakuwa na lugha moja ya kuzaliwa. Kiswahili kikawa lugha ya kazini, sokoni na mtaani. Mtu wa Kigoma au Mombasa akisikia Kiswahili cha Lubumbashi kwa mara ya kwanza hutega sikio, kwa sababu kina maneno mengi ya Kifaransa na ya lugha za Kongo. Lakini ndicho Kiswahili ambacho Tshibumba alisimulia nacho historia ya nchi yake.

Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Tshibumba alikuwa mtoto wa miaka kama 13. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Watu wenye asili ya Kasai waliokuwa wakiishi Katanga wakaanza kutazamwa kama maadui. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa mjini Élisabethville. Walikuwa wakimbizi katika mji uleule ambao juzi tu walikuwa na nyumba na kazi. Kijana aliyekulia humo hakuhitaji kitabu kujua kukimbia ni nini.

Alipokuwa mtu mzima aliishi kwa kuchora. Alitumia rangi za dukani, kitambaa cha magunia ya unga na fremu ya mbao. Chini ya picha aliandika maelezo mafupi kwa Kifaransa, mara nyingine kwa tahajia ya jinsi neno linavyosikika, kisha akatia sahihi yake: Tshibumba K.M. Wanunuzi wake wa kawaida walikuwa watu wa mjini kama yeye: wafanyakazi wa mgodi na wa reli, makarani, walimu.

"Ukumbusho" maana yake nini?

Neno hilo linatokana na kukumbuka. Lakini kwa wakazi wa miji ya shaba, ukumbusho haukuwa pambo tu. Ilikuwa picha inayokukumbusha jambo na kukufanya ulisimulie. Mgeni akiingia, akikaa, macho yake yakiinuka ukutani, atauliza: huyu ni nani? Hapo baba au mama mwenye nyumba ataanza kueleza, na watoto watasikia.

Picha iliyopendwa sana ilikuwa ile iliyoitwa "Colonie Belge", yaani koloni la Wabelgiji. Ilichorwa na wachoraji wengi, mara nyingi. Ndani yake kuna gereza na bendera ya Ubelgiji. Kuna wafungwa waliovaa nguo zenye milia. Mmoja amelazwa chini, na askari Mwafrika anamchapa kiboko, mjeledi wa ngozi ya kiboko. Mzungu anasimamia. Pembeni wamesimama wanawake wenye vyombo vya chakula walivyowaletea waume au ndugu zao.

Hebu tazama nani yuko kwenye picha hiyo. Hakuna mfalme wala jenerali. Anayechapwa hana jina, anayemchapa ni Mwafrika mwenzake, na wale wanawake hakuna kitabu kilichowaandika. Hata hivyo, kila aliyeitundika picha ile sebuleni alikuwa akisema: haya yalitupata, na mimi nilikuwa na babu aliyelala chini namna hiyo. Adhabu ya kiboko iliendelea Kongo hadi miaka ya 1950. Wanunuzi wengi wa picha hizo walikuwa wameiona kwa macho.

Zaidi ya picha 100 kwa historia moja

Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba alikutana na Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu mjini Lubumbashi. Tshibumba alikuwa akiuza picha zake. Katika mazungumzo ikajulikana kwamba hakujiona kama mchoraji wa kuuza tu. Alijiona kuwa mwanahistoria. Alitaka kuchora historia yote ya nchi, tangu wafalme wa kale hadi siku zake.

Kwa miezi kadhaa hadi mwaka 1974 alileta picha kwa mafungu. Fabian alizinunua, na kila fungu lilipofika waliketi pamoja. Tshibumba alisimulia kila picha kwa Kiswahili, Fabian akauliza maswali, na kinasa sauti kilikuwa kikizunguka. Mwishowe zilikuwa zaidi ya picha 100. Mwaka 1996 Fabian alizichapisha katika kitabu kilichotolewa Marekani kwa Kiingereza, pamoja na masimulizi ya Tshibumba.

Kumbuka ulikuwa wakati gani. Nchi ilikuwa imepewa jina la Zaire mwaka 1971, na jimbo la Katanga likaitwa Shaba. Rais Mobutu alikuwa ameshika kila kitu. Kusema historia hadharani kulikuwa na mipaka. Mfano ni Patrice Lumumba: Mobutu alikuwa miongoni mwa waliomwangusha mwaka 1960, lakini mwaka 1966 alimtangaza kuwa shujaa wa taifa. Kwa hiyo kumchora Lumumba kuliruhusiwa. Kusema wazi ni nani waliomtoa mikononi mwa walinzi wake lilikuwa jambo jingine. Mchoraji alilazimika kujua neno gani liandikwe na lipi liachwe kwa mtazamaji aelewe mwenyewe.

Aliwachora akina nani?

Hatuwezi kuwataja wote. Tumechagua wachache ambao maisha yao yanaonyesha kwa nini alijali.

Msiri wa Bunkeya. Msiri alikuwa Mnyamwezi, kutoka magharibi ya Tanzania ya leo. Alifika Katanga katika biashara ya misafara katika karne ya 19 na kujenga ufalme wenye nguvu, makao yake yakiwa Bunkeya. Alikataa kuipokea bendera ya dola ya Mfalme Leopold II. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi na Kapteni Omer Bodson, ofisa wa Ubelgiji aliyekuwa katika msafara wa Stairs. Bodson naye aliuawa na watu wa Msiri. Msiri hakuwa malaika: aliuza pembe za ndovu na shaba, na pia aliuza watu. Tunamtaja kwa sababu mbili. Kwanza, kifo chake ndicho kilichofungua mlango wa Katanga kwa wakoloni. Pili, maisha yake yanatukumbusha kwamba mtu kusahaulika hakumfanyi kuwa mwema. Anayestahili kukumbukwa anastahili kukumbukwa mzima, na mabaya yake pia.

Simon Kimbangu. Alizaliwa Nkamba, Kongo ya Chini, mwaka 1887. Mwezi Aprili 1921 alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa, na umati ukamfuata. Wabelgiji waliogopa umati huo. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekamatwa, amehukumiwa kifo, na hukumu kubadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa upande wa pili wa nchi, katika gereza la Élisabethville. Alihubiri kwa miezi michache. Alifungwa miaka 30. Alifia gerezani tarehe 12 Oktoba 1951, katika mji ambao Tshibumba alikuwa mtoto wa miaka minne. Wafuasi wake, ambao wengi wao walihamishwa kwa nguvu hadi sehemu za mbali, walimkumbuka siku zote, na kanisa lao likatambuliwa na serikali mwezi Desemba 1959. Lakini kwa watu wengine wa Lubumbashi alikuwa mfungwa tu aliyekufa nyuma ya ukuta walioupita kila siku.

Wagomaji wa mwaka 1941. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, shaba ya Katanga ilihitajika sana na washirika wa vita. Kazi iliongezeka, bei za vitu zikapanda, mishahara ya Waafrika ikabaki midogo. Wachimbaji wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 Desemba 1941 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira mjini Élisabethville, na askari wakawafyatulia risasi. Makumi ya watu waliuawa, na idadi kamili inabishaniwa hadi leo. Jina la kiongozi mmoja lilibaki midomoni mwa watu: Léonard Mpoyi, aliyeuawa siku hiyo. Wengine walizikwa, na majina yao yakabaki kwa familia zao. Tshibumba hakuwa amezaliwa. Alilichora tukio hilo kutokana na yaliyosimuliwa na wazee mjini.

Maurice Mpolo na Joseph Okito. Ukimuuliza mtu yeyote kuhusu tarehe 17 Januari 1961, atakutajia Lumumba. Ni wachache watakaotaja wale wawili waliokufa naye. Mpolo alikuwa waziri wa vijana na michezo katika serikali ya Lumumba. Okito alikuwa makamu wa rais wa Seneti. Wote watatu walikuwa wafungwa Thysville. Siku hiyo walipakiwa kwenye ndege, wakapigwa njiani, wakateremshwa Élisabethville, na usiku uleule wakapigwa risasi porini nje ya mji, mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Okito alikuwa wa kwanza, Mpolo wa pili, Lumumba wa mwisho. Kisha miili ilifukuliwa na kuharibiwa kwa asidi ili pasiwe na kaburi.

Tshibumba alichora kifo hicho. Lumumba amelala mbele akiwa na jeraha ubavuni. Nyuma yake kuna misalaba mitatu. Anayejua habari za Yesu anaelewa mara moja. Lakini hesabu misalaba: ni mitatu, na katika maelezo ya picha mchoraji ameandika majina yote matatu. Mwezi Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino la Lumumba, mabaki pekee yaliyokuwa yamehifadhiwa na polisi mmoja wa Kibelgiji aliyehusika kuharibu miili, na likazikwa Kinshasa kwa heshima zote. Familia za Mpolo na Okito hazikuwa na hata jino la kuzika. Picha kama ile ya Tshibumba ni moja ya sehemu chache ambapo watu hao watatu wamebaki pamoja.

Je, picha hizi ni za kweli?

Ni swali la haki, na wengi wetu tumezoea kusikia historia ya nchi zetu ikigombaniwa. Jibu ni kwamba picha ya ukumbusho ina tabaka tatu, na inafaa kuzitenganisha.

Tabaka la kwanza ni tukio lenyewe: nani, wapi, lini. Hapa Tshibumba anaweza kukosea. Alitegemea aliyoyasoma shuleni, aliyoyasikia redioni na aliyosimuliwa, na baadhi ya tarehe zake hazilingani na kumbukumbu za maandishi. Kama unataka tarehe, linganisha na vyanzo vingine.

Tabaka la pili ni jinsi watu walivyolibeba tukio moyoni. Hakukuwa na misalaba mahali alipouawa Lumumba. Lakini watu wa mjini walimwomboleza kama mtu aliyesulubiwa, na hilo nalo ni ukweli. Hakuna ripoti ya serikali itakayokueleza hivyo.

Tabaka la tatu ni nafasi ya mchoraji mwenyewe. Tshibumba alikuwa mtoto wa Kasai aliyekulia Katanga, aliyependa nchi moja isiyogawanyika, na alichora chini ya utawala wa Mobutu. Mtu ambaye familia yake iliunga mkono kujitenga kwa Katanga angechora picha nyingine na kuweka mashujaa wengine. Kumsikiliza Tshibumba si kumnyamazisha huyo mwingine. Makazini tunaishi na watu waliokuwa pande tofauti za vita, kwa hiyo jambo hili si la nadharia kwetu. Picha moja ni ushuhuda mmoja.

Nini kilimpata Tshibumba?

Maisha ya wachoraji wa mjini yalitegemea mishahara ya wafanyakazi. Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba duniani ilianguka, na pesa ya Zaire ikapoteza thamani. Mwaka 1977 na 1978 vita viliingia Shaba kutoka Angola, na Kolwezi ikamwaga damu. Mtu ambaye mshahara wake haumalizi wiki hanunui picha. Soko la ukumbusho likafifia.

Tshibumba aliendelea kuchora na kuuza kwa Wakongo na kwa wageni waliokuwa wakikusanya picha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zinakatika. Hakuna kaburi linalojulikana, na tarehe ya kifo haijaandikwa popote. Kitabu chenye picha zake kilipotoka mwaka 1996, hakukuwa na mtu wa kumkabidhi nakala.

Picha alizochora kwa ajili ya Fabian ziko Uholanzi, katika jumba la makumbusho mjini Amsterdam ambalo hadi mwaka 2023 liliitwa Tropenmuseum. Nyingine ziko katika makusanyo ya Ubelgiji na kwingineko. Kwa upande mmoja ni heri, maana zimehifadhiwa. Kwa upande mwingine, mjukuu wa mgomaji wa mwaka 1941 anayeishi Lubumbashi, au Nyarugusu, au Nakivale, hana njia rahisi ya kuziona, na kitabu kinachozieleza kiliandikwa kwa Kiingereza.

Kwa nini picha zake bado zinasema?

Katika miji ya shaba zilichorwa picha nyingi mno za ukumbusho, na nyingi zimepotea. Zilizobaki, mara nyingi hatujui aliyechora, aliyechorwa, wala hadithi iliyosimuliwa mbele yake. Rangi zipo, lakini aliyeweza kuzieleza amekufa au amehama.

Za Tshibumba zina bahati ya kitu kimoja: maneno yake yalirekodiwa. Masimulizi yake yaliandikwa kwa Kiswahili alichokisema, na yamehifadhiwa. Ndiyo maana leo tunajua kwa nini ameweka misalaba mitatu na si mmoja. Kama zingebaki picha tupu, tungeona maiti na vilima, basi.

Hili ndilo jambo kubwa la kushika katika habari hii yote. Picha peke yake haimwokoi mtu asisahaulike. Kinachomwokoa ni picha pamoja na jina, mahali, na sauti ya anayemjua. Ukumbusho ulifanya kazi kwa sababu sebuleni alikuwepo mtu wa kujibu swali la mgeni. Tukikimbia, picha ndiyo huachwa kwanza, na wazee wanaojua majibu wanazeeka nasi huku.

Unaweza kufanya nini hapa?

Huhitaji kuwa msanii wala msomi. Mwaka 1965, katika mji huohuo wa Tshibumba, watu waliokuwa wamefanya kazi za nyumbani kwa Wazungu waliandika kijitabu cha historia ya Élisabethville kwa Kiswahili chao, kikikusanywa na André Yav. Walikuwa wapishi na maboi. Hawakusubiri mtu aje kuwaandikia. Ukitaka kuanza na familia yako au kikundi cha vijana, fuata hatua hizi.

1. Anza na mtu mmoja. Chagua marehemu ambaye familia inamheshimu na hakuna ugomvi juu yake: bibi aliyekuwa mkunga, mwalimu wa kijiji, mvuvi, fundi reli.

2. Omba ruhusa kwa wakubwa. Mwendee mzee kwa adabu, mweleze unataka nini na utakiweka wapi. Akikataa, shukuru na uache. Akikubali leo na kubadili mawazo kesho, ni haki yake.

3. Chora akiwepo. Penseli na karatasi vinatosha. Mwache akusahihishe: kilemba hakikuwa hivyo, nyumba ilikuwa na mlango upande huu. Katika kusahihisha ndipo habari nyingi hutoka.

4. Andika nyuma ya mchoro mambo matano: jina la aliyechorwa, mahali, mwaka au kipindi, jina la aliyesimulia, na jina la aliyechora. Usisahau la mwisho. Tumeona jinsi wachoraji wanavyopotea.

5. Andika au rekodi maneno kama yalivyosemwa. Usiyanyooshe yawe Kiswahili cha kitabuni. Kama mzee amechanganya Kibembe, Kifulero, Kirundi au Kifaransa, yaache hivyo.

6. Weka nakala mbili mahali tofauti. Karatasi huungua, hulowa na kuliwa na mchwa. Mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri na juu ya sakafu husaidia.

Mambo ya tahadhari

Usiweke mchoro au rekodi kwenye Facebook, TikTok au kundi la WhatsApp kama unataja mtu aliye hai, kijiji walikobaki ndugu, au jina la anayetuhumiwa kwa mauaji. Kinachosambaa hakirudi, na kinaweza kumfikia mtu asiyewatakia mema.

Usichanganye kazi hii na faili lako la ukimbizi. Kumbukumbu za familia ni za familia. Mtu akikuahidi kwamba mchoro au simulizi itakuharakishia kupelekwa nchi ya tatu, au akidai pesa kwa sababu hiyo, usimwamini. Huduma za ulinzi na za kupelekwa nchi ya tatu hazilipiwi.

Kumbukumbu zinaweza kuumiza. Anayesimulia akianza kutetemeka, kulia bila kutulia au kunyamaza ghafla, simamisha. Mpe maji, kaa naye, msiendelee siku hiyo. Kama hali haitulii, au hapati usingizi siku zinazofuata, mwelekeze kwa mshauri wa afya ya akili katika kituo cha afya kilicho karibu. Kwa watoto, chagua habari za kazi, chakula, michezo na nyimbo. Habari za mauaji zisubiri wakue.

Kwa jirani zetu wenyeji

Kazi hii si ya wakimbizi peke yao. Msiri alitoka Unyamwezi akafia Katanga. Wanyarwanda na Warundi walichimba shaba ya Lubumbashi. Na katika familia nyingi za mipakani yupo babu aliyeondoka na hakurudi. Wazee wa pande zote mbili wakiketi pamoja, mara nyingi huwa wanamtafuta mtu aliyepita njia moja. Vijana wa makazini na wa vijiji jirani wanaweza kuchora pamoja, shuleni au kwenye kituo cha vijana, na kila mmoja akaleta jina moja kutoka nyumbani kwao.

Tshibumba alianza na gunia la unga, rangi za dukani na majina aliyoyasikia kwa wazee. Wazee wako wangali hapa. Waulize wiki hii.